Elkanah Ndani ya Gari la Kioo

Elkanah wa Rodi Kopany alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na ubishi wake ungeweza kunyoosha bodi bila nyundo. Mimi ni binamu yake, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mwaka wa sitini na mbili alipata gazeti kuukuu la Kimarekani kutoka misheni. Ndani yake mlikuwa na picha ya gari lililofanana na ndege ya jeti: pua ndefu, mapezi mawili nyuma, na kuba la kioo juu ya dereva. Nilimsomea maelezo. Gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho tu, hakuna anayeliendesha barabarani.

"Basi," akasema, "mimi nitakuwa wa kwanza."

Alitafuta pikapu mbovu akaanza. Kuba alilitengeneza kwa vioo vya madirisha alivyoviunga kwa vyuma, likawa linafunguka juu kama kifuniko cha sufuria, na ndilo likawa mlango pekee wa gari. Mapezi yakahitaji mabati. Nyumbani mabati yalikuwapo, ambayo mkewe Awino aliyanunua kwa kuuza njugu, ili aachane na paa la nyasi linalovuja. Elkanah aliyakata huku akipiga mluzi.

Awino aliporudi kutoka sokoni aliyaona mapezi. Alifunga nguo zake akaenda kwao, karibu na Homa Bay. Mama yake, Zilpah, akatuma ujumbe: binti yangu harudi mpaka nyumba iezekwe mabati.

Elkanah akanywea. Alimpenda Awino, hilo simnyimi. Jioni alikuja kwangu, akala ugali wangu wote, akalia.

"Akiliona gari limekamilika atarudi mwenyewe," akasema.

"Ndugu yangu, ukweni watu huenda kwa unyenyekevu."

"Kwani mapezi yana kiburi gani?"

Asiyesikia la mkuu, mnajua yanayompata. Siku ya safari ya ukweni nilitangulia kwa baiskeli, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake. Nilikuwa nimeketi na baba mkwe wake, namwaga maneno matamu ya kuomba msamaha, gari jekundu likaingia uani likinguruma. Ndani ya kioo Elkanah alikuwa anapunga mikono yote miwili. Mzee akampungia. Elkanah akazidi kupunga. Mzee akasimama, akapunga na kofia.

Kumbe hakuwa anasalimia. Mashimo ya barabara yalikuwa yamepinda bawaba, na kuba lilikataa kufunguka. Jua la mchana lilikuwa linampika. Nikaokota jiwe, lakini akanitikisia kidole kwa hasira: kioo kisiguswe! Badala yake akavua koti. Kisha tai. Kisha shati.

Sasa, kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hali naye chakula, wala hamkazii macho. Kumwonyesha kifua ni balaa. Elkanah alikuwa amefikia suruali wakati Zilpah alipotokea nyuma ya ghala, mtungi wa maji kichwani. Wakatazamana ana kwa ana. Vioo alikuwa amevisugua asubuhi nzima, havikuficha kitu. Mtungi ukaanguka, na Zilpah akakimbilia ndani kwa mbio ambazo sikujua anazo. Elkanah alitafuta pa kujificha, lakini gari la kioo lina kona gani?

Awino akatoka jikoni na mchi wa kutwangia.

"Nivunje?" akauliza.

Elkanah alitazama kioo chake. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akajifunika koti kichwani, akaitikia. Awino akatwanga.

"Nyar Kanyada," Elkanah alisema, akimwita mkewe binti wa ukoo wa Kanyada, huku akitoka kwenye vipande, jasho likimtiririka, "nimekosa. Nakuomba urudi nyumbani."

Awino aliuma mdomo kuzuia kicheko. "Mama alisema mpaka kuwe na mabati."

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, lakini sauti ya Zilpah tuliisikia sote.

"Awino! Mfunike huyo mtu wako umpeleke kwake sasa hivi! Mabati nitanunua mimi!"