Herufi ya Kubaki

Ukitaka kuandika 留, anza juu kushoto na alama inayofanana na msumari uliopinda. Kando yake weka kisu. Chini ya hivyo viwili chora shamba: mraba uliogawanywa vipande vinne, kama langu la hapa Siakago, ndengu huku, kunde kule, mtama na mbaazi upande wa chini. Mkono ukitetemeka usijali. Yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa chaki kwenye mlango wa mabati wa jikoni, ilifanana na mbuzi aliyejikwaa.

Aliyenifundisha ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anayefanya kazi Japani katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba yake alishafariki, kwa hiyo alipoondoka nilibaki na mbuzi. Miezi ya kwanza tulizungumza mpaka simu ikapata moto sikioni. Kisha maneno yakapungua. Umekula? Nimekula. Mvua je? Bado. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na ninalijua darasa linaloelekea kusinzia. Nikamwomba anifundishe herufi moja kila Jumapili nikitoka kanisani, tuwe na la kusema.

Jumapili moja akanitumia picha ya hiyo 留.

"Inasomwa ryuu," akasema. "Pengine ru. Na ikiwa kitenzi cha kwao wenyewe, tomaru. Maana yake ni kubaki."

"Lyuu."

"Ryuu, mama! Hawa watu hawana l."

"Hawana kabisa?"

"Kama sisi Wambeere tu. Na vile ulivyokuwa ukitusimamisha mbele ya darasa kwa kusema 'kurara' badala ya 'kulala'! Huku ungesimamisha nchi nzima."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu nisikie sauti yangu ikijaa jikoni namna ile.

Herufi moja kuwa na sauti kadhaa kusikutishe. Mimi nyumbani ni mama, sokoni ni mwalimu, kanisani ni dada. Anayeitwa ni yuleyule. Inategemea amesimama na nani. Hii nayo ukiisimamisha kando ya herufi ya kulinda, 守, zote mbili zinasomwa rusu.

"Haya, kisia maana yake," binti yangu akasema.

Nilikisia kama mwanafunzi bora. Kubaki na kulinda. Nani mwingine? Nikajinyoosha, nikatamka sentensi nzima ya Kijapani: "Watashi wa rusu desu." Mimi ndimi niliyebaki nikilinda.

Akaangua kicheko. "Mama, umesema hauko nyumbani!"

Akanieleza. Zamani neno hilo lilikuwa la yule aliyeachwa kulinda nyumba mwenyewe akisafiri. Polepole likamwacha mlinzi, likamfuata msafiri. Sasa ukibisha hodi ukaambiwa rusu, rudi ulikotoka, mwenye nyumba hayuko.

"Yaani neno limehama?"

"Limehama."

Hilo alilisema kwa sauti ya chini. Ninaijua sauti ya mtoto aliyeficha kitu chini ya dawati. Humfokei, unasogea tu karibu.

"Mwalimu," nikamwambia, "mbona leo umechagua herufi hii?"

"Mkataba unaisha Desemba," akasema. "Wanataka nibaki, mama. Miaka mingine."

"Na wewe unataka?"

"Nataka. Kazi nimeizoea, na wale wazee wamenizoea. Lakini nikifikiria vile uko huko peke yako..."

Nilikuwa nimefunga beberu mmoja nyuma ya nyumba, nikimnenepesha kwa ajili ya hiyo Desemba. Majirani walishaanza kunitania kwamba anakula kuliko mimi. Sikumtaja.

"Sema tena lile neno la kubaki," nikamwambia. "La kwao wenyewe."

"Tomaru."

"Basi tomaru. Baki, mwanangu."

Nikamsikia akipenga kamasi. Nikamwacha alie, nami nikajishughulisha na vumbi la chaki vidoleni. Alipotulia nikamuuliza, maana nilitaka kujua kwa kweli: "Na huyu anayebaki kulinda, kama rusu ilimkimbia, siku hizi anaitwaje?"

"Rusuban."

"Nitumie niione."

Akatuma. Kulikuwa na herufi ya tatu nyuma ya zile mbili, yenye mistari mingi. Akaanza kunieleza ianzie wapi, lakini huko Japani giza lilikuwa limeshaingia na alikuwa na zamu ya alfajiri. Nikamwambia akalale, hii nitajifunza mwenyewe.