Chapati Alizozikataa Dereva

Juzi nilipita mtaa tuliokulia. Ile nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi haipo, wamejenga maduka ya simu. Wewe huenda umekulia mji mwingine, kwa hiyo nikwambie: sisi tulikuwa watu wa mlango wa nyuma. Babu zetu walinunuliwa. Nyanya aliwatwangia mpunga wenye nyumba ile, na akirudi jioni alinuka pumba na moshi wa kuni. Mle ndani mlikuwa na msichana wa rika langu, kamasi zinamtiririka, na nyanya, mvi kichwa kizima, ndiye aliyemwamkia shikamoo. Mtoto akaitika marahaba huku anatafuna muwa. Nilipomuuliza nyanya, alisema, "Salamu haina uzito. Gunia ndilo lenye uzito." Shule niliiacha mapema, lakini hilo sihitaji kufundishwa na mtu.

Nilidhani mambo hayo ni ya pwani yetu peke yake. Kisha ukaja wakati mawakala wanazunguka mitaani kutafuta wanawake wa kupeleka Saudia. Nikaenda, mtu mzima tayari, na leo nina nyumba ya mawe na simwombi mtu chumvi.

Nilipangiwa Riyadh, mtaa wa Sulimaniya. Mimi jikoni. Mwenzangu, mwanamke wa Kihindi, mdogo kwangu, vyoo na uwani. Dereva naye Mhindi. Lugha yao moja, lakini dereva hakupokea hata maji kutoka mkononi mwa mwenzangu. Nikamuuliza mwenyewe kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza. Akaniambia kwao kuna watu wanazaliwa wa vyoo: nyanya yake, mama yake, yeye. Wakigusa chakula, chakula kimeharibika.

Sasa, chapati za nyumba ile zilikuwa zake. Zangu zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Akimaliza vyoo ananawa mpaka viwikoni, anasukuma, anachoma, nami nazipeleka nje kama nimezipika mimi. Mwenzangu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, aepuke maneno. Dereva anakula mpaka analamba vidole, kisha ananiambia:

"Mama Kenya, mke wangu akija umfunze."

"Mlete tu."

Na mwenzangu nyuma ya mlango, mtandio mdomoni, anacheka.

Msimu wa joto familia ikahamia Jeddah kwa mama yake madam wetu, bikizee mwenye sauti. Mpishi wake alikuwa amerudi kwao, bikizee akasema atabaki na mmoja wetu. Mwenzangu sikuwahi kumwona akitaka kitu kama alivyolitaka jiko lile. Siku moja wakati wa chapati bikizee akauliza zimepikwa na nani. Dereva, yuko barazani, mdomo umejaa, akatutangulia: "Mama Kenya."

Mwenzangu akatoka, unga mpaka kwenye nyusi. "Ni mimi. Na za Riyadh, zote ni mimi."

Dereva akaenda bombani akasukutua, akatema, akasukutua tena. "Huyu ni mtu wa vyoo," akamwambia bikizee. "Mkono wake haufai kwa chakula."

Bikizee akamega kipande kingine. "Na wewe ni mtu wa gari. Nimekuuliza habari ya jiko? Yalla, ondoka."

Mwenzangu akalipata jiko hivyo. Bikizee hakuwa akimtetea mtu, alikuwa na njaa.

Tangu hapo dereva akawa anakula mikate mikavu ya dukani. Mwenzangu naye akaendelea kumpikia fungu lake. Analiweka barazani limefunikwa, linapoa, analiondoa.

"Utamngoja mpaka lini?"

"Labda leo," anasema.

Hilo lilinikera kuliko dereva mwenyewe. Mtu amekutema mbele ya watu, nawe unamfunikia sahani.

Siku tunafunga mizigo kurudi Riyadh, yeye akibaki kwa bikizee, niliingia jikoni nikaona amekata madonge mawili tu. Chapati ya kwanza akanipa mimi. Ya pili akainyunyizia sukari, akaikunja, akavuta stuli, akaila palepale ikiwa moto.

"Na ya dereva?"

"Mafi," akasema. Hakuna.

Mtaa ule wa Jeddah nasikia umebomolewa, na namba yake ilipotea na simu yangu ya zamani. Sijui anapika wapi siku hizi. Ninachokumbuka ni vile alivyotafuna, taratibu, mgongo ameupa mlango wa barazani, kama mtu asiyemngoja yeyote.