Mshenga wa mistafeli na msimu alioupoteza

Ni mwaka 2022, katikati ya kiangazi. Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijauvuka ukuta wa ua, mwanamume wa miaka sitini na mmoja amesimama juu ya stuli nyuma ya jiko la jirani yake. Ameinua uso kwenye tawi la mstafeli, na mdomoni ameuma brashi ndogo ya rangi kama fundi cherehani anavyouma pini.

Mkono wake wa kushoto umeshika kikombe kilichovunjika kishikio. Ndani hamna chai. Mna unga mweupe unaoelekea njano, usiojaza hata kijiko cha chumvi. Hiyo ni chavua, aliyoikung'uta kutoka kwenye maua aliyoyachuma jana alasiri na kuyalaza juu ya karatasi.

Anapanua kwa vidole viwili ua linaloanza kufunguka. Petali zake ni nene na ngumu kama ngozi ya kiatu, na katikati yake kuna kinundu kinachong'aa kana kwamba kimepakwa asali. Anachovya brashi, anazungusha mara mbili juu ya kinundu, kisha anaziachia petali zijifunge zenyewe.

"Huyu ameolewa," anasema, na kuisogeza stuli.

Mtaa mzima humwita Mshenga, na jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye vitambulisho tu. Kazi yake ni kupita ua kwa ua na kuozesha mistafeli. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye ni mjane, humwuliza kila apitapo kama katika kikombe hicho hamna na wa kwake. Yeye humjibu kwamba anashughulika na miti peke yake, kwa kuwa miti hairudi kulalamika.

Utani huo una msingi wake. Ua la mstafeli lina uke na uume ndani yake, lakini viwili hivyo havikutani. "Siku ya kwanza linaamka bi harusi," anaeleza Mshenga. "Siku ya pili ni bwana harusi, na bibi keshaondoka. Pasipo mtu wa kati, watapishana mlangoni mpaka wote wanyauke."

Kwa hesabu zake, katika maua kumi yaliyoachwa yenyewe, moja ndilo litakalozaa. Yakipitiwa na brashi, huzaa sita, na yakipata mkono mtulivu, saba.

Mkono mtulivu anao, kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa mchora mabango. Vinyozi, mabucha, zahanati na shule ziliandikwa majina yao kwa brashi zake. Bango moja la duka lilitosha kulipa kodi ya mwezi na kununua unga wa wiki mbili, na kwa mwezi alikuwa akipata mabango sita. Zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Katika muda wa miezi minne, sita yakawa mawili, na mawili yakawa hakuna.

"Nilikaa kibarazani na kopo langu la brashi kama mtu anayesubiri wageni ambao hawakualikwa," anakumbuka.

Mkewe hakukubali kukaa. Alikwenda kumtafutia vibarua vya uani: kufyeka nyasi, kukata matawi, kupiga dawa ya wadudu. Hivyo ndivyo Mshenga alivyofika, mwaka 2016, kwenye mstafeli wa Mama Mkunga, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lingemfuata miaka sita.

Mama Mkunga, ambaye sasa ana miaka sabini na minane, alifanya kazi katika wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na sita. Nusu ya vijana wa mtaa huo walipokewa na mikono yake kabla ya kupokewa na mama zao. Mabinti wawili wa Mshenga wamo katika nusu hiyo.

Mstafeli wake mmoja, ulio nyuma ya jiko, ulikuwa ukimpa matunda ishirini hivi kila msimu. Mtaa una nyumba kumi na nane zaidi ya yake. Alichagua yale yaliyoiva vizuri, akayaweka kwenye beseni, akapita mwenyewe mlango kwa mlango, kila nyumba tunda moja.

Wengi hawakuwa na njia nyingine ya kulipata. Stafeli likiiva halingoji. Leo ni gumu, kesho limelainika, keshokutwa limeharibika. Ngozi yake huchubuka kwa kuguswa tu, na wachuuzi wa sokoni hulikwepa kwa sababu hiyo. Anayetaka kuonja nyama yake nyeupe, yenye ukali na utamu vinavyogombania ulimi mmoja, sharti ajuane na mwenye mti.

Mama Mkunga alikuwa amemwita Mshenga akate matawi makavu, basi. Lakini alipopanda aliona ndani ya maua vidude vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta, vikiingia na kutoka. Akadhani ni wadudu waharibifu. Kwa bidii yake, na bila kuomba malipo ya ziada, akaupiga mti mzima dawa.

"Niliupiga kama ninavyopaka ukuta," anasema, akitikisa kichwa. "Mkono wa kwanza, nikangoja ukauke, mkono wa pili. Nilitaka kumpendeza."

Maua yalifunguka mengi kuliko mwaka uliotangulia. Yakaanguka yote. Msimu ukapita bila tunda hata moja.

Mama Mkunga alipita milango yote kumi na minane mikono mitupu, kuwaambia watu wasingoje. Mshenga alimwona kupitia dirishani akija kwake. Alimsikia akimwambia mkewe kwamba mti umechoka mwaka huu. Hakumtaja mtu.

Wiki chache baadaye bwana shamba alipita mtaani, na Mshenga akamsimulia habari za mti ule. Bwana shamba alimwuliza swali moja tu: vile vidude vyeusi viko wapi? Kisha akamweleza kwamba ndivyo vilivyokuwa vikibeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Aliongeza kwamba mahali palipokosa wadudu, mtu aweza kufanya kazi yao kwa brashi nyembamba, ila wengi hawana subira.

Mshenga alikwenda siku hiyo hiyo kukiri. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa.

"Kaa kwanza unywe chai," Mama Mkunga alimwambia. "Miaka yote niliyokaa wodini nimeona makosa ya watu wenye vyeti ukutani. Wewe angalau umekuja kwa miguu yako. Lakini msimu wangu uko kwako, mwanangu, na utanirudishia."

Msimu uliofuata Mshenga aliufungua mlango wa ua huo kila asubuhi kwa wiki tano. Mti ukazaa matunda thelathini na moja. Alipoyapeleka kibarazani, akitabasamu kama mtu aliyemaliza mtihani, Mama Mkunga aliyatazama na kusema kwamba hayo ni ya mwaka huu, na mti ungeyazaa hata asingezaliwa Mshenga. Akamletea mastafeli ya nyua nyingine; akayakataa pia, kwa kuwa hayakutoka kwenye mti wake.

Watu wa mtaa walicheka, na ukawa utani wa kila mwaka. Mshenga naye alicheka pamoja nao. Nyumbani, asema mkewe, hakucheka.

"Watu waliona anataniwa," anaeleza mkewe. "Mimi nilijua linamkaa kooni. Kila kilichomo humu ndani kimetoka kwenye kosa lile, na aliyekosewa ndiye pekee ambaye hajapata kitu."

Hasemi hivyo kwa kutia chumvi. Majirani walioyaona matunda yale thelathini na moja walianza kumwita kwenye nyua zao. Leo Mshenga huhudumia nyua thelathini na nne zenye mistafeli na mitopetope, na ujira wake ni theluthi ya mavuno. Mkewe huyakamua na kuuza juisi katika ofisi tano. Kwa juisi hiyo mabinti wao wamemaliza chuo, na vyumba viwili walivyokuwa wakipanga wamevinunua na kuongeza cha tatu.

"Kila nikila, najua ni nani aliyenipa kijiko," Mshenga anasema. "Angeweza kunitangaza mtaa mzima kuwa mharibifu, na nani angenifungulia ua wake tena? Alinyamaza, akaniacha nijifunze juu ya mti wake."

Mwanzoni mwa mwaka huu ikaja habari kwamba Mama Mkunga anahama. Magoti yamechoka, na binti yake aliye mji wa mbali amemjengea chumba. Safari imepangwa Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, mvua zitakapokuwa zimekatika. Msimu wa kawaida wa mastafeli utamkuta ameshaondoka.

Ndiyo sababu Mshenga yuko juu ya stuli katika kiangazi, wakati ambao hakuna mwingine anayeshughulika na mistafeli. Mstafeli hutoa maua machache nje ya wakati wake, nayo hukauka na kuanguka bila mtu kuyajali. Yakizaa, anasema, matunda hayo hayatakuwa ya mwaka jana wala ya mwaka ujao. Yatakuwa msimu wa ziada, nao utatoka kwenye mti ule ule.

Mkewe alimwonya kwamba joto litaikausha chavua kabla haijashika. Ili kulizuia, Mshenga humwagilia shina ndoo nne kila jioni, na hutundika magunia yaliyolowa kwenye matawi ya upande wa jua. Mama Mkunga humtazama kutoka dirisha la jiko. Humwuliza kama ameanza kufua nguo za watu.

Amehesabu maua sitini na matatu. Anahitaji matunda kumi na manane.

Yaliyoshika yalikuwa ishirini na tisa. Upepo wa mwezi uliofuata uliangusha saba, yakiwa makubwa kama mayai ya bata. Mshenga akayavika yaliyosalia mifuko aliyoishona kwa turubai la mabango, lakini funza walikuwa wamekwisha kuingia katika matatu. La nne lilipigwa mpira na mtoto wa nyumba ya tisa, ambaye alilileta mwenyewe mikononi huku akilia. Yakabaki kumi na manane kamili, bila hata moja la akiba.

Tangu siku hiyo Mshenga aliacha kuyahesabu kwa sauti.

Miezi mitano baada ya brashi, matunda yalianza kukomaa, moja leo, mawili keshokutwa. Mama Mkunga aliyapokea kibarazani, akayabonyeza kwa kidole gumba kama apimavyo mguu uliovimba, na kila lililolainika akalipeleka mwenyewe. Safari hii alitembea na mkongojo, na beseni lilibebwa na Mshenga. Fundi cherehani alipopewa lake alisema kwamba angependelea mume, lakini stafeli halikoromi. Alilipasua pale pale mlangoni, akatema mbegu nyeusi kiganjani moja moja mpaka lilipokwisha.

Kwa majuma matatu zikafikiwa nyumba kumi na saba.

Tunda la kumi na nane lilikuwa kwenye tawi la kivulini. Jumatatu ya wiki ya safari lilikuwa bado la kijani kibichi, na miiba yake laini ilikuwa imesongamana, dalili kwamba halijajaa. Likichumwa changa lingekuwa gumu na chungu. Likiachwa, Mama Mkunga angeondoka kabla halijaiva.

Mshenga alingoja siku moja zaidi. Jumanne jioni miiba ilikuwa imeachana kidogo, na ngozi imeanza kufifia. Akalichuma, akalifunga kwa karatasi, akalifukia katika kapu la ndizi mbivu. Jumatano lilikuwa gumu kama jiwe. Alhamisi vilevile. Alilibonyeza mara nyingi hata mkewe akamwambia kwamba asipoliacha litaiva kwa kidole chake badala ya kuiva kwa ndizi.

Katika siku hizo za kungoja alizungumzia mipango yake. Anawafundisha wanawake wawili wa mtaa wa pili kutumia brashi, kwa sababu nyua zinazomwita zimezidi siku za juma. Nyumba ya Mama Mkunga itakaliwa na mpwa wake, ambaye amekwisha kukubali mti uendelee kuhudumiwa na milango iendelee kufikiwa. Mshenga anatumaini pia kupanda mistafeli kumi na miwili kando ya uzio wa shule, aliyoiotesha kutokana na mbegu za mti huo huo.

"Mtoto asikue akidhani matunda ni chungwa na ndizi tu," alisema. "Apate na lile la kutafuta."

Ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Karibu na kikonyo, kidole gumba cha Mshenga kinadidimia.

Analibeba kwa mikono miwili hadi kwa Mama Mkunga, ambaye ameketi kati ya masanduku mawili yaliyofungwa kwa kamba. Anamweleza kwamba hili ni la kumi na nane, na kwamba nyumba iliyobaki ni yake yeye Mshenga. Basi alile mama mwenyewe, kwa kuwa haifai mdaiwa kula malipo yake.

Mama Mkunga analipokea, analibonyeza, analinusa.

"Nenda kwako," anamwambia. "Ingia ndani, ufunge mlango."

Mshenga anakwenda. Mkewe, aliyekuwa akiosha chupa za juisi, anafuta mikono na kumfuata. Wanasimama wote wawili sebuleni, wakisikiliza mkongojo ukija polepole juu ya changarawe. Unasimama. Mlango unabishwa mara tatu.

Anaufungua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Mkunga ananyoosha mikono, na stafeli linapita kutoka kiganja hadi kiganja. "Umenirudishia msimu wangu. Hatudaiani."