Tikisa Mpaka Mia Tatu

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi, mama aliteleza na kikapu cha majani ya chai kwenye mteremko ulio juu ya Kiriaini. Alianguka kifudifudi juu ya jiwe, taya likavunjika. Utoto wangu uliishia hapo, na kazi yangu ikaanzia hapo. Nasema wazi kwa sababu siku hizi watu wakiona duka langu wanafikiri nilizaliwa na friji.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa mtoto kama ninyi wa rika langu. Mnakumbuka. Mvua ikinyesha tulikalia magome ya mgomba tukateleza mpaka bondeni, nguo ikatoboka nyuma, jioni tukachapwa kwa ajili ya nguo na si kwa ajili ya magoti yaliyochubuka. Tulioga mtoni, maji yametoka mlimani moja kwa moja, yanauma mpaka mfupani. Viatu hatukujua. Shule nilifika darasa la tatu, na nilichotoka nacho ni kuhesabu mpaka mia bila kukosea. Mpaka leo hiyo mia haijanitupa.

Baba alikuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Nanyuki, nyumbani akija mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nilibaki mimi, mtoto wa kwanza, na ndugu yangu Gachanja ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, na mama aliyerudi kutoka hospitali ya mjini akiwa amefungwa meno kwa waya, ya juu na ya chini pamoja, kama mtu aliyeshonwa mdomo. Jino moja la mbele liling'oka siku ya kuanguka. Pengo hilo ndilo mlango pekee uliobaki.

Sista aliyetupa ruhusa ya kwenda alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kinatiririka. Alinitazama mimi kwa sababu mama hakuweza kujibu. "Binti, sikiliza. Wiki sita asitafune kitu. Mpe maziwa na matunda. Mkirudi nikimkuta amekonda, namlaza."

Kulazwa! Kijijini kwetu siku hizo mtu akisikia neno hilo alianza kuaga. Nilitoka pale nikisema moyoni, maziwa na matunda, maziwa na matunda, nisije nikasahau.

Sasa, msomaji wa Murang'a na Nyeri ameshaanza kucheka. Kwetu matunda ni kitu kimoja tu: yale ya zambarau yanayopanda kwenye ua, ndani mbegu nyeusi na maji makali, yale watu wa mji wanaita pasheni. Ndizi ni ndizi. Avokado tuliita makorobia. Matunda ni matunda. Nani alituambia ni jina la ukoo mzima?

Nikavamia ua wa jirani yetu Wambura, nikachuma matunda mpaka sketi ikajaa. Nikayakamua kwenye sufuria, nikamwaga juu yake maziwa yote ya jioni, na ng'ombe wetu alikuwa mmoja na mwenye choyo. Nikakoroga. Maziwa yakakatika mbele ya macho yangu, mabonge upande huu, maji ya kijani upande ule. Nikafikiri hivyo ndivyo dawa inavyokuwa. Nikakata bua la jani la boga, lile lililo wazi ndani, nikaliingiza kwenye pengo la mama. Akavuta. Bonge likaziba. Akavuta tena, machozi yakamtoka. Maji yaliyopita yalikuwa machungu, na mtu aliyefungwa meno hawezi hata kutema.

Wambura alikuwa amefuata matunda yake. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe msichana, umekosana na mama yako?"

"Sista amesema maziwa na matunda!"

"Basi huyo sista na wewe, mmoja wenu anataka kutuzikia mtu."

Wiki mbili zikapita mama akinywa maziwa matupu na uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Alijifunga mshipi wa kitambaa kiunoni, na kila Jumapili nilimwona akivuta fundo ndani zaidi. Nilihesabu hayo mafundo. Mtoto haambiwi kitu, lakini anaona.

Siku moja nilikuwa namlisha Gachanja ndizi mbivu iliyopondwa pamoja na korobia, chakula cha kila mtoto wa kwetu. Mama akapiga kigoda alichokalia, pa pa pa, akaonyesha lile bakuli, kisha akaonyesha pengo lake. Nikaelewa. Lakini rojo ile ilikuwa nzito, ikakataa kupita kwenye bua. Nikaongeza maziwa, vipande vikaelea. Mama akageuza macho mpaka kwenye kinya, kile kibuyu cha maziwa lala kilichoning'inia ukutani, akasema kupitia waya neno la kwanza tangu aanguke.

"'Ikisa."

Tikisa! Nikakiosha kibuyu kwa maji ya moto, nikakizamisha mtoni hadi shingoni mpaka kikawa baridi kama barafu. Ndizi mbili zilizoiva mpaka maganda yana madoa, nikaponda hadi lainilaini. Nusu ya korobia, ile isiyo na nyuzi. Kijiko cha asali. Maziwa kidogo kwanza, ndipo mengine. Nikaziba mdomo wa kibuyu, nikatikisa mpaka mia. Nikachungulia: bado. Sikujua kinachokuja baada ya mia, kwa hiyo nikaanza tena moja. Mia ya tatu ilipokwisha, kikatoka kitu cheupe kijani, kizito, laini, kinachometa kama krimu. Nikakipitisha kwenye kichungi cha chai. Mama akavuta kupitia bua. Kikapita! Akavuta mpaka bua likalia kooo chini ya kikombe, akanisukumia kikombe. Alitaka kingine.

Nilimpa mara tatu kwa siku, wiki nne. Hata Wambura alileta korobia zake, zile ambazo mbwa wake walikuwa wakila, akisema, "Chukua, lakini ukimwaga nakuchapa." Jumapili ya mwisho mama alilegeza fundo moja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, nikarudi nikasema ni moshi.

Tuliporudi hospitali, sista akampima mama, akanigeukia. "Ulimpa nini?"

Nikamweleza, nikaungama pia habari ya matunda. Alicheka mpaka akashika meza. "Binti, ndizi nayo ni tunda!"

"Kwenu," nikamwambia.

Mama naye akacheka, na waya ndiyo kwanza zimekatwa, akashika taya kwa mikono miwili, akaendelea kucheka.

Sasa nitazame mambo ya leo. Mjukuu wangu Shiru, miaka kumi na tisa, elimu mpaka inamwagika, alikuja kunisaidia dukani mwezi uliopita. Akatia maziwa na pasheni kwenye mashine ya kusaga, akabonyeza. Nikamwambia, "Itakatika."

"Cucu, simu imesema hivi."

"Simu imewahi kufungwa meno?"

Ikakatika. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeikata. Nikamwonyesha: ndizi, avokado, maziwa baridi, dakika moja imekwisha. Kama unataka ukali wa pasheni, tia mwisho kabisa, kijiko tu, na unywe papo hapo. Vijana wana mashine ya dakika moja, na hawana dakika moja ya kusikiliza. Sisi tulikuwa na mikono tu, lakini tulijua tunamtikisia nani. Hiyo ndiyo naikumbuka, kuliko magome ya mgomba na mvua.

Sikuolewa na tajiri, wala sikurithi. Nilianza na kibuyu kile kile sokoni, nikiuza kikombe kimoja kimoja. Leo niko na duka Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki. Niko na mashine mbili za kusaga na friji mbili. Niko na ng'ombe watano wa maziwa. Niko na ekari mbili, miavokado sitini ya kupandikiza, na ua wa matunda, yale matunda. Niko na nyumba ya mawe. Niko na kinya kile, kimepasuka, kimeshonwa kwa uzi.

Na niko na mama, miaka themanini na sita, meno hana hata moja. Kila asubuhi nampelekea kikombe. Ananusa kwanza, ananikazia macho, anauliza, "Umetikisa?"

Natikisa mpaka mia tatu.