Asiyeipa Barabara Mgongo

Baba mkwe wangu ana baiskeli iliyokamilika kuliko zote hapa Hirbadaw, na kuna siku nyingi nilitamani kuichukulia shoka. Ina kengele inayolia, breki mbili zinazokamata, taa ya mbele, na nyuma kwenye madigadi ina rifrekta nyekundu ambayo mzee huifuta kwa kitambaa kila asubuhi kabla hata hajanywa chai. Nadhani anaipenda kuliko ng'ombe wake, ingawa hawezi kukubali mbele za watu. Na kila asubuhi alikuwa akimpakia binti yangu wa darasa la kwanza kwenye keria ya baiskeli hiyo, anaingia naye barabara ya lami, anaiendesha upande wa kulia, uso kwa uso na mabasi.

Upande wa kulia. Magari yetu yanapita kushoto, na baiskeli ni chombo cha moto kasoro moto, inafuata magari. Mimi nilizaliwa Endagikot, kule juu Mbulu, kwa wakulima wa maharage na ngano, na shuleni tuliimbishwa jambo hilo hadi tukalichoka: ukitembea kwa miguu pita kulia uyaone magari yanayokuja, ukipanda baiskeli pita kushoto. Nilipoolewa huku chini kwa wafugaji nikakuta ukoo mzima umeshika nusu ya kwanza ya somo na kuitupa ya pili. Wameswaga ng'ombe kando ya barabara hii tangu ikiwa vumbi, wakitembea kulia ili gari lolote walione linavyokuja. Baiskeli zilipofika, waliziona kama ng'ombe mmoja zaidi wa kupeleka mnadani, wakazipitisha palepale.

Kumwambia mzee nisingeweza. Kwa wakwe zangu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamgusi, na akikutana naye njiani yeye ndiye anayetoka njiani mpaka mzee apite. Nilikuwa nimezoea. Lakini mwanangu hakuwa ameolewa na mtu, na alikuwa anakaa kwenye ile keria. Nikamwambia mume wangu.

"Mzee anaendesha hivyo tangu mimi sijazaliwa," alisema, "na bado yupo."

"Tangu hujazaliwa hapakuwa na lami," nikamjibu. "Basi la kwenda mwendo huu ulikuwa umeliona wapi?"

Akaenda kuangalia ndama. Mume wangu akishindwa maneno hukumbuka ndama.

Halafu ikaja siku ya mnada, na trafiki wakakaa njia panda kukagua baiskeli. Mimi walinikamata na baiskeli yangu, na haki yao. Gunia la vitunguu lilikuwa limefunika rifrekta, na kengele sikuwa nayo kabisa. Kosa ni kosa. Niliambiwa nifungue gunia, nikafungua, matairi yakatolewa upepo yote mawili, nikaambiwa nikafikirie usalama wangu njiani nikiburuta. Nilikuwa nimechuchumaa pale nakusanya vitunguu vyangu kwenye majani ndipo baba mkwe akatokea, binti yangu nyuma yake ameshika shati lake, na anatokea upande wa kulia.

Afande akamsimamisha. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, leo atasikia kwa mwenye sare.

"Shikamoo mzee," afande akasema, akaanza kuizunguka baiskeli. Akabonyeza kengele. Akabana breki. Akainama kuangalia rifrekta. Kisha akatuita sote tuliokuwa tunaburuta baiskeli zetu. "Mnamwona mzee huyu? Huyu ndiye anayejua sheria."

"Afande," nikasema, "mwangalie alikotokea. Amekuja upande gani?"

"Mama, wewe shughulika na vitunguu vyako."

Na mzee akapita, kulia kwake, mwanangu akinipungia mkono. Niliwahi kukasirika maishani, lakini hasira ya siku ile ilikuwa na ladha, ilikuwa chungu mdomoni kama dawa ya malaria. Wanajua kuhesabu vyuma. Kengele ipo, taa ipo, weka vema. Huyo aliyekaa juu ya vyuma anakwenda wapi, hilo si kazi yao. Jioni mzee alitangaza nyumbani kwamba serikali imempitisha, na tangu hapo hapakuwa na mtu wa kumgusa.

Nilitaka kumtembeza mtoto mwenyewe. Mume wangu akakataa, akasema nitamwaibisha baba yake mbele ya majirani, kwa kuwa kumpeleka mjukuu ndiyo kazi aliyobaki nayo. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama jikoni nikisikiliza honi za barabarani, na nikisikia moja ndefu, mkono unasimama kwenye sufuria.

Yaliyotokea yalitokea mchana, nikiwa natoka shambani upande wa Masakta na jembe langu kwenye keria. Nilikuwa kushoto, mahali pangu. Kwenye kona ya mlimani nikasikia fuso nyuma yangu linapiga honi, na mbele yangu, kwenye ukingo uleule niliokuwa nao, namwona baba mkwe anateremka. Alikuwa anakwenda kumchukua mtoto shuleni. Keria ilikuwa tupu, na niliiangalia kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Nilijua anachotarajia. Nishuke mtaroni, niinamishe kichwa, mzee apite. Ningefanya hivyo angepita ameligusa lile fuso kwa bega, na baada ya muda mfupi angerudi kupita palepale na mwanangu nyuma. Nilishuka kwenye baiskeli nikaiweka kukinga ukingo. Sikuinamisha kichwa. Breki zake zinakamata, afande mwenyewe alizisifu, basi na azibane.

Hakuzibana. Sidhani kama ilimpitia akilini kwamba mke wa mwanawe anaweza kutompisha. Aliponifikia karibu kabisa alikata usukani, namshukuru Mungu aliukata kuelekea mtaroni na si lami, akaanguka na fuso likapita na honi yake. Mfupa wa bega ulivunjika. Nikamwinua kwa mikono yangu miwili, nikampangusa udongo usoni, jambo ambalo mkwe hafanyi.

Wazee wa ukoo walikaa zizini alasiri moja, mzee mkono ukiwa umefungwa kwa kitenge. Niliitwa. Mashtaka yalikuwa mawili: kwamba sikumpisha baba mkwe, na kwamba nilimshika. Walizungumza mpaka ng'ombe wakaanza kurudi, wakizungumza kilugha na kunigeuzia Kiswahili pale nilipotakiwa kuona haya. Hakuna aliyetaja upande wa barabara. Hata mmoja! Wakaamua nilete pombe ya asali na niombe radhi.

"Nitaleta," nikasema nikiangalia chini. "Radhi ya kuanguka kwake naiomba, tena naiomba kwa moyo. Ya barabara siombi. Na mkono wa baba ukipona, mtoto hapandi tena ile baiskeli."

Mume wangu akaniambia ninyamaze. Mzee mmoja akasema mtoto ni wa ukoo, si wa mama. Ndipo baba mkwe akazungumza kwa mara ya kwanza, na alizungumza Kiswahili, kwa hiyo nilijua ni mimi anayeniambia.

"Kaka yangu alikuwa anaswaga ng'ombe kwenye barabara hii," alisema. "Siku hiyo tulipita kushoto, mimi mbele, yeye nyuma. Lori lilitokea mgongoni kwake. Hakuliona. Mimi ndiye niliyeliona, nilipogeuka. Tangu hapo siipi barabara mgongo. Gari litakaloniua, na nilione."

Nilikuwa nimeishi boma lile miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuniambia. Mume wangu alikuwa anatazama miguu yake. Nikamhurumia mzee, kweli nikamhurumia, na hasira haikupungua hata kidogo. Nikainua kichwa nikamtazama usoni.

"Wewe unaliona, baba," nikasema. "Mtoto anaona mgongo wako."

Kikao kikafungwa, pombe nikaipika, radhi nikaomba nikiwa nimepiga magoti, akanigusa kichwani kwa mkono mzima akasema yameisha. Wiki zote za mkono wake nilimpeleka mtoto mwenyewe kwa miguu, nikijua hayajaisha.

Asubuhi aliyoitoa tena baiskeli alikuwa ameshaifuta. Akamwita mjukuu wake, akampandisha kwenye keria. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, viatu nimeshavaa, nimeazimia kumshusha mtoto hata kama boma zima litanitimua nirudi Endagikot.

Mzee hakupanda. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaanza kutembea akiisukuma baiskeli, taratibu, na mtoto juu yake. Walipofika kwenye lami akavuka, akaifuata kulia, ambako mtembea kwa miguu ndiko anakotakiwa apite, mwili wake ukiwa kati ya mtoto na magari. Aliisukuma hivyo hadi shuleni, kilima kwa kilima.

Mtoto alichelewa siku ile, na akachelewa kesho yake. Mwalimu wa zamu akanipigia simu kwa ukali, anauliza kwa nini mtoto mwenye babu mwenye baiskeli nzuri namna ile anafika shule baada ya kengele. Nikamwambia kesho atachelewa tena.