Ree Mbili na Shikamoo Moja

Jamani, leo shikamoo imenitoa kwenye mashindano ya poka!

Ni ya bure mtandaoni, hakuna hela. Nilijifunza kwa kitabu cha maktaba, na leo nilifika meza ya mwisho kwa mara ya kwanza.

Nikapewa ree mbili. Hakuna karata bora kuliko hizo!

Papo hapo akaingia Bi Mwanaidi, jirani yetu huku ugenini, mtaa wa Berea. Nikaweka simu chini, nikasimama, nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Shule je? Na bibi yako kule Tanga, mguu umepona?"

Nikajibu yote. Muda wangu wa kucheza ukaisha, karata zikatupwa zenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, chipu zangu za dau zikayeyuka hadi nikatolewa.

Mama akacheka: "Eish, si ungemwambia asubiri?"

Mama huyu huyu aliyenifunza kwamba mkubwa hakatizwi!

Nyinyi mngethubutu?