Nyayo za Bi Pili Mbele ya Landrova

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka natazama chini. Ilikuwa mwaka ule treni ya Qusais, hapa Dubai, ndiyo kwanza imeanza kupita juu ya vichwa vyetu, na mimi arobaini nilikuwa bado sijaifikia. Kwa umri nilikuwa mtu mzima. Kwa akili nilikuwa kijana, na damu ilikuwa inachemka.

Na kwa nini isichemke? Shule mimi niliishia darasa la tano. Nilianza kwa kuosha mabasi ya watu kule Ras Al Khor, nikawa fundi bila kufundishwa na mtu, nikapata basi bovu nikalifufua kwa mikono hii unayoiona. Mwaka huo nilikuwa na mabasi saba yanayopeleka wafanyakazi kazini na kuwarudisha. Leo ni kumi na tisa, alhamdulillahi, na kila moja nikilisikia linavyonguruma nakwambia ugonjwa wake kabla fundi hajafungua boneti. Sikwambii haya kwa kujisifu, ingawa kusema kilichopo si dhambi. Nakwambia ujue ni mtu wa namna gani aliyekwenda kunyamazishwa kwenye tope.

Kila nilipoketi na watu nilikuwa na habari moja tu, ya baba yangu. Baba na mama walifika Dubai kutoka Unguja wakati lami haijafika popote. Mtu akitaka kwenda Abu Dhabi alipakiwa kwenye Landrova na wenzake, na baba alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuifanya kazi hiyo. Njia ilipita kwenye sabkha, uwanda wa chumvi ulio kando ya bahari. Juu ni mkavu na mweupe kama sahani, chini yake lipo tope la kumeza gari. Madereva wengine walizama wakalala huko huko. Baba hakuzama. Nami nikipiga kifua nilisema, baba alikuwa akiitazama sabkha tu, inamwambia pita hapa, na damu yake ndiyo hii.

Basi Ijumaa hiyo, baada ya sala, nikaamua kuwaonyesha wajukuu wake ile njia. Gari langu lilikuwa jipya, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Pembeni yangu alikaa Mzee Khalfan, rafiki wa baba na abiria wake tangu ujanani. Nyuma alikaa mama, Bi Pili, na watoto wawili wa dada yangu. Okello, dereva wangu Mganda, akatufuata na pikapu.

Njiani mtoto mmoja akauliza, "Mjomba, na Bibi alikuwa wapi siku hizo?"

Nikamjibu mbio mbio, "Bibi yako alikuwa nyumbani Baraha anapika, babu yako akirudi akute chakula."

Nilimwona mama kwenye kioo anageuza uso dirishani.

Tulipofika ukingoni mwa sabkha ndipo akafungua kinywa. Akaniambia nisimame, niteremke, nitembee kwanza. Nikacheka. Nikamwambia, mama, hii si Landrova ya zamani, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Nikakanyaga mafuta.

Hatukwenda mbali. Gari lilivunja ule uso mkavu kama mwiko unavyovunja ukoko, likashuka. Nilivyozidi kukanyaga ndivyo lilivyozidi kuzama, mpaka tope likagusa milango. Okello alikuwa amesimama nyuma kwenye ardhi ngumu, akapaza sauti kwa lile neno la huku la kumwita tajiri, "Arbab, gari limekaa kitako. Tuliletee chai?" Watoto wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kamba yake haikutufikia, na akisogea naye atazama. Nikashika simu, nikaanza kubwata nitafutiwe gari la kuvuta.

Mzee Khalfan akaniambia, "Zima simu hiyo. Wa kututoa yumo humu ndani."

Mama alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alipandisha buibui, akalifunga kiunoni, akateremka. Sijapata kumwona mtu akitembea vile. Aliweka kisigino kwanza, akangoja, kisha akaachia uzito kidogo kidogo. Mahali pengine alirudisha mguu akazunguka, wakati mimi sikuona tofauti yoyote. Hivyo hivyo mpaka akamfikia Okello. Akamwambia amfuate na gari, gurudumu likanyage alipokanyaga yeye. Okello alimfuata Bi Pili polepole kama gari la maiti, mpaka kamba ikatufikia, akatuvuta tukatoka.

Mama yangu ni mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja. Huko wanawake huyafuata maji yakitoka, wakaokota chaza na kombe, na mguu wa mtoto wa kike hujifunza mapema tope lipi linabeba na lipi linameza. Mguu huo ndio uliokuja Dubai.

Tulipokaa kupumzika, Mzee Khalfan akanigeukia. "Baba yako alikuwa dereva hodari, Mungu amrehemu," akasema. "Lakini sabkha hakuijua. Alimjua mkewe, akamsikiliza."

Kisha akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mama yake Mzee Khalfan aliugua, baba na mama wakawa wanamleta hospitali Dubai kutoka Abu Dhabi. Bahari ilikuwa imepanda usiku wa kuamkia siku hiyo, sabkha yote imelowa. Bi Pili alitembea mbele ya Landrova kutoka adhuhuri mpaka jua kutua, na alikuwa na mimba ya miezi sita. Mgonjwa alifika, akatibiwa, akaishi miaka mingi. Mtoto aliyekuwa tumboni hakuzaliwa hai. Huyo alikuwa kaka yangu.

Mwanangu, nikiri jambo. Habari ya mtoto sikuijua, lakini kwamba mama alitangulia gari nilijua. Nilipokuwa mdogo pale Baraha, watoto wenzangu walinikejeli kwamba mama yangu ni punda wa mbele, anatembea miguu wazi, wanaume nyuma wanamtazama. Nikaapa moyoni habari hiyo nitaizika. Baba alipofariki nikaizika kweli, nikabakiza dereva peke yake. Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikomea kwenye tope.

Mama alikuwa anajifuta miguu. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ulikuwa unanionea haya?"

Nikainama, nikamsogezea viatu vyake.

"Baba yako hakunionea haya," akasema, akavivaa.

Mwezi uliofuata tulisoma hitima ya baba, kama kila mwaka, wanaume sebuleni na wanawake ndani nyuma ya pazia. Dua ilipokwisha watu wakanigeukia, wakingoja hadithi yao ya siku zote. Nikawaambia yote. Nikawaambia miguu ya nani ilitangulia, na kwa nini niliificha. Nilipofika kwa yule mtoto, sauti yangu hii inayotawala karakana nzima ikanikatika. Halafu dada yangu akasema nyuma ya pazia, "Kaka, mama anasema ilikuwa miezi saba, si sita. Na anasema mtoto walimpa jina. Aliitwa Salum. Anaomba umtaje."

Nikamtaja. Watu wote wakaitikia kumwombea. Kutoka ndani nikamsikia mama analia, na alikuwa hajalia mbele ya watu hata siku ya kumzika baba.

Sasa mama naye ametangulia mbele ya haki, ndiyo maana nakuandikia. Utakuja kuwa na chako, inshallah, na watu watakuuliza ulikotoka. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Ukihadithia waliokuleta, usimwondoe yule ambaye watu watamcheka, maana huenda ndiye aliyebeba uzito wote. Na ukimwondoa, hatoki peke yake. Anatoka na wafu wake, wanakosa hata wa kuwaombea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mama yangu wala hakuwa mnyonge. Aliyekubeba wewe akiwa hai, nenda kamuulize leo. Usingoje uzame.

Mungu akuwekee ardhi ngumu chini ya miguu yako, akupe mtu mwema wa kukutangulia, na akupe moyo wa kumtaja kwa jina lake mbele za watu. Amin.